Pakanga ya Mwaka na Pakanga ya Kudumu

Jumapili, 2 Machi

Naanza leo. Na ninaahidi: nitaandika kila kitu, kichungu na kitamu, bila kukipaka rangi. Mwalimu wa Biolojia anasema mwanasayansi hachagui cha kuona — akiona, anaandika. Daftari la shule lina maksi zake. Hili ni langu peke yangu, kwa hiyo sina sababu ya kujipendekeza.

Haya. La leo ni simu ya Mama.

Anapiga kila Jumapili alasiri. Bibi hufunika cherehani, huiegemeza simu kwenye bakuli la sukari, na sote watatu — Bibi, Mjomba na mimi — tunaiinamia kama watu wanaoota moto. Mama yuko mbali. Anamtunza mzee mmoja asiyeweza kutembea, katika nyumba yenye ngazi nyingi. Aliondoka nikiwa darasa la pili. Sasa niko kidato cha kwanza. Mkataba wake ni wa miaka miwili miwili, na kila anaposaini mpya husema huu ndio wa mwisho.

Leo amesema unaisha tena, mwezi huu huu, na wameshamwekea mwingine mezani. Bibi akamwuliza, na wewe umesemaje? Mama akasema bado anapima. Mjomba akakohoa. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Kisha Mama akauliza anachouliza kila wiki: "Mwanangu, mti wangu mzima?"

Nikajibu ninachojibu kila wiki: "Mzima, Mama."

Si mti hasa. Ni pakanga, kichaka kimoja kando ya mlango wa jikoni. Aliipanda mwenyewe siku alizokuwa akijiandaa kuondoka, na asubuhi ya safari alichuchumaa mbele yangu, koti begani, akasema: "Hii ikiwa hai, ujue narudi." Nililishika neno lile kama jedwali la kuzidisha. Sasa nimekua. Najua mmea ni mmea. Lakini bado kila asubuhi nikitoka kumwaga maji ya vyombo naiambia, "Umeamkaje?"

Nimeahidi kila kitu. Basi na hilo limo.

Jumatatu, 3 Machi

Bahati! Mwalimu alileta kofia yake iliyojaa vikaratasi, kila dawati likachomoa kazi ya mradi. Mimi nakaa na Kasuku — darasa zima tunamwita hivyo kwa sababu hurudia neno la mwisho la kila mwalimu — na yeye alikuwa akiomba vyura. Tukachomoa: "Linganisha spishi mbili za pakanga."

"Majani!" Kasuku akalalamika. "Wenzetu wana vyura, sisi majani!"

Mimi nilikuwa natabasamu hadi masikioni. Pakanga moja ipo shuleni, nyuma ya maabara. Na nyingine ninayo nyumbani, tena miaka hii yote nimeishi nayo kama ninavyoishi na Bibi na Mjomba.

Mwalimu ameeleza: jenasi ni kama ukoo, spishi ni kama ndugu ndani yake. Ndugu wa tumbo moja, akasema, wanafanana pua, lakini mmoja mwepesi wa hasira na mwingine hata umkanyage hasemi. Kazi yetu ni kuonyesha wanapofanana na wanapoachana. Ijumaa ya tarehe 21 tubandike mimea yote miwili ubaoni, mizima, na mizizi yake.

Na mizizi yake.

"Na mizizi yake," akasema Kasuku.

Jumatano, 5 Machi

Leo tumekwenda nyuma ya maabara.

Pakanga ya shule ni ndefu! Inampita Mwalimu kimo. Shina moja lililonyooka kama mlingoti. Majani kijani kibichi, yamechanwachanwa kama manyoya ya ndege. Ukiyasugua yanatoa harufu tamu inayopanda puani — kama mtu amemimina manukato ndani ya kabati la dawa. Maua ni vidonge vya njano, vidogo mno, vimeinama kwa haya. Kwenye lenzi jani halina nywele. Vitone tu vinavyong'aa.

Mwalimu akasema hii tuiite pakanga ya mwaka. Inaota, inarefuka, inachanua, inamwaga mbegu, inakufa. Yote hayo ndani ya mwaka mmoja.

Nikanyoosha mkono. Je, ikimwagiliwa vizuri?

"Hata ukiimwagilia na kuiimbia," Mwalimu akasema. "Haifi kwa kiu. Imemaliza kazi yake."

Ndugu yake ni pakanga ya kudumu. Hiyo hukatwa ikachipua, hukaushwa na jua ikachipua, mwaka hadi mwaka, kwa sababu uhai wake ameuweka chini. (Nimeandika "ameuweka" kama vile ni mtu. Mwalimu wa Kiswahili angenipigia mstari. Naacha.)

Tumeambiwa pia kwamba kutoka kwenye majani ya hii ya mwaka viwanda hupata kitu cha kutengenezea dawa ya malaria. Lakini kutoka jani hadi kidonge kuna mizani na vipimo vingi, kwa hiyo asitafune mtu. Wakati Mwalimu anasema "asitafune mtu", Kasuku alikuwa ameshatafuna. Uso wake! Ulikunjika kama mfuko uliovutwa kamba. Mara hii hakurudia neno lolote.

Jumamosi, 8 Machi

Lenzi ya shule iko nyumbani kwangu hadi Jumatatu! Nimeifunga kwenye leso.

Asubuhi yote nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni. Pakanga yetu: inanifika kiunoni. Mashina mengi kutoka chini, magumu kama kuni. Majani laini, rangi ya majivu. Kwenye lenzi — nywele! Nyeupe, nyingi, hasa mgongoni mwa jani, kama blanketi jipya. Harufu kali, ya uchungu mtupu, haina utamu. Hakuna shaka. Hii ni ile ya kudumu. Nilifurahi kana kwamba nimeipasisha mtihani mimi.

Mjomba akapita na baiskeli, matenga ya mikate yakiwa matupu. "Profesa, mgonjwa anaendeleaje?"

"Si mgonjwa, Mjomba. Ni spishi."

"Basi mpe pole spishi."

Ndani Bibi alikuwa kazini. Watu humletea makoti na mablanketi yaliyoliwa na nondo, naye hutia viraka mpaka huoni palipotoboka. Yakishatengenezwa huyakunja, na katikati ya kila kunjo huweka kijitawi cha pakanga, maana nondo hawaipendi. Nyumba yetu yote inanuka hivyo. Kasuku anasema hata madaftari yangu.

Nikamwambia Bibi kuhusu mzizi. Kwamba nahitaji kuchimba kidogo tu, pembeni.

Uzi ukakatika.

"Usiuchimbe mti wa watu," akasema.

"Bibi, wa watu gani? Si wetu?"

"Wa mama yako. Chimba wa shule."

"Wa shule ni spishi nyingine. Huu una umri gani, Bibi?"

"Umri wa safari ya mama yako," akasema bila kuinua macho. Na akatunga uzi, ukakosa tundu. Akatunga tena, ukakosa. Bibi yangu hutunga sindano akiwa anazungumza na mteja! Mjomba naye, aliyekuwa ameshakaa chini kunywa chai, akakumbuka kwamba gurudumu la baiskeli linahitaji upepo. Akaacha chai inafuka.

Nimeona. Nimeandika.

Jumapili, 9 Machi

Nilimsimulia Mama juu ya mradi. Alicheka kwa furaha, kile kicheko chake kinachoanza na pumzi. Akasema, kumbe mti wake umeingia shule!

Kisha akasema mambo ambayo nayaandika neno kwa neno kadiri ninavyokumbuka. Kwamba mbegu alipewa na jirani wa zamani, aliyekwisha kuhama. Mbegu ndogo kama vumbi la chaki, ukihema zimeruka. Kwamba mti wa huyo jirani ulikuwa unagusa ukingo wa paa, na harufu yake tamu alikuwa akiisikia hadi chumbani. "Na wangu umefika wapi? Umeshafika dirishani?"

Nikaangalia nje. Kiunoni. Mashina kama kuni.

"Umekua, Mama," nikasema. Si uongo. Lakini si jibu.

Akaendelea: kwa majani ya mti wa yule jirani alishona kifuko, akakitia ndani ya gauni lake la kijani, sandukuni, ili nondo wasiliguse. "Hawajalila?"

Bibi akasema halijaliwa, akabadilisha mazungumzo, akauliza hali ya mzee. Mama akasema mzee ameuzoea mkono wake, akilishwa na mwingine hatafuni. Kuhusu karatasi mezani akasema tu, "Bado nazitazama."

Mbegu kama vumbi. Kimo cha paa. Harufu tamu. Ninaandika tu. Sijahitimisha.

Jumanne, 11 Machi

Bibi alikwenda kupeleka mablanketi. Nilifungua sanduku la Mama.

Sikuiba. Sikuficha. Lakini nilitembea kwa ncha za vidole, kwa hiyo nilijua kwamba nafanya jambo.

Gauni la kijani lipo. Halijaliwa. Kifuko kipo, kitambaa cheupe, mishono ya Mama — mirefu kidogo, ana haraka, Bibi humcheka kwayo. Nilifungua mshono mmoja. Nikamimina kidogo juu ya karatasi na kuweka pembeni jani nililolikausha la shule.

Majani yamechanwachanwa kama manyoya. Hayana nywele. (Lenzi nimeirudisha, lakini hata kwa macho, ukiyageuza juani.) Vidonge vidogo vya maua. Na harufu — imefifia, lakini tamu.

Ni ya mwaka. Mama alipanda pakanga ya mwaka.

Nikakaa chini kwenye sakafu. Inaota, inarefuka, inachanua, inamwaga mbegu, inakufa. Hata ukiimwagilia na kuiimbia. Mti wa Mama haukuweza kufika hata nilipoingia darasa la nne.

Basi mimi nimekuwa nikimsalimia nani?

Jumatano, 12 Machi

Leo nimemwaga maji ya vyombo upande wa pili.

Alhamisi, 13 Machi

Kasuku ameniona. Mtu akizoea kurudia maneno ya wengine huwa anasikiliza kuliko tunavyodhani. Nilimweleza yote wakati wa mapumziko, nyuma ya maabara, chini ya ile ndefu. Sasa majani yake ya chini yameanza kuwa kahawia.

Hakucheka. Alisema, labda mtu alipanda nyingine. Nikasema nani, na kwa nini? Akasema, "Unaniuliza mimi? Mimi naishi kwenu?" Kisha akasema taratibu: "Muulize bibi yako. Kuuliza si ujinga."

"Na jibu likiwa baya?"

"Jibu likiwa baya," akarudia. Na baadaye, peke yake, bila kumrudia mtu: "Angalau litakuwa la kwako."

Jumamosi, 15 Machi

Nimeuliza.

Nilisubiri Bibi amalize kola ya koti la mteja. Mjomba alikuwa mezani akipaka mkate siagi. Nikaweka mbele yao vitu vitatu: jani la shule, jani la mlangoni, na kijiko kimoja cha majani ya kifuko. Nikasema: "Bibi, hili la shule na hili la mlangoni ni ndugu. Hili la shule na haya ya kifuko ni kitu kimoja. Mti wa Mama ulikufa lini?"

Mjomba akaushikilia mkate hewani.

Bibi akavua miwani. "Nilijua shule hii itatuumbua," akasema. Lakini si kwa hasira.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Mwaka ule ule Mama alioondoka, mti wake ulikua haraka kama mtoto anayelishwa vizuri. Ukafika dirishani. Ukachanua. Na mimi nikaugua surua. Nakumbuka pazia lililofungwa na kitambaa chenye maji, basi. Nikiwa nimelala, mti ukaanza kukauka kutoka chini kwenda juu. Bibi akaumwagilia asubuhi na jioni. Ukazidi kukauka.

"Na wewe kila ukizinduka unauliza, mti mzima?" akasema Bibi. "Homa imekupanda, midomo imekauka, na swali ni hilo hilo. Ningekwambia nini, mke mwenzangu? Nikwambie umekufa?"

(Bibi huniita mke mwenzake akinitania. Jana hakuwa akitania. Namaanisha leo. Mkono wangu unakimbia.)

Mbegu je, nikauliza. Si zilidondoka? Bibi akasema kuku wa jirani walipapekua pale hadi pakawa peupe kama uwanja. Basi akamtuma Mjomba: katafute mwingine kama huu, usirudi bila.

"Nikazunguka mji mzima na matenga ya mikate," akasema Mjomba.

"Nikamwambia wa kijani! Wa majani kama manyoya! Akaniletea mvi!" Bibi akadakia.

"Mama, pakanga ni pakanga. Yule mwenye bustani aliniambia pakanga, nikabeba pakanga."

"Na ng'ombe ni ng'ombe. Nikikutuma maziwa utaniletea dume?"

Mjomba akasema kwa kujitetea kwamba dume angalau ana nyama. Na — sikutegemea — nikacheka. Nilicheka na machozi yakatoka humo humo, sikujua yapi ni ya nini.

Walikuwa hawana muda wa kutafuta mwingine, maana homa yangu ilikuwa imeanza kushuka. Bibi akaung'oa ule mkavu, akachomeka ule wa mvi shimo lile lile, akiwa amekasirika mno. Siku niliyotoka nje mara ya kwanza, wote wawili walisimama nyuma yangu wakisubiri niseme, huu sio. Mimi nikautazama sana. Eti nikasema: "Maskini, umeota mvi kwa kumngoja Mama."

Sikumbuki. Lakini Bibi alipolisema hilo, Mjomba aliinuka akaenda kuosha kikombe ambacho hakijachafuka.

"Nikajiandaa," akasema Bibi. "Nikasema mwakani na huu utakufa, itabidi nidanganye tena. Haukufa. Nikaukata mpaka chini siku ya hasira zangu, siku mama yako aliposaini mara ya pili. Ukarudi! Nikasema, haya, kaa basi. Kosa la huyu bwana ndilo lililotusitiri."

Nikauliza la mwisho. Je, Mama alijua ni ya mwaka mmoja? Alipoipanda?

Bibi akavaa miwani, akauchukua uzi, akautunga mara moja tu, ukapita.

"Hilo si langu. Muulize mwenyewe." Na baada ya mshono au miwili: "Mzizi wako kachimbe. Hapana siri tena pale."

Jumapili, 16 Machi

Simu fupi. Mtandao ulikuwa unakatika. Mama amesema anatakiwa kusaini au kukataa Jumatatu ijayo, tarehe 24.

Akauliza: "Mti wangu mzima?"

Bibi akanitazama. Mjomba akatazama bakuli la sukari.

Nikasema, "Ulioko mlangoni ni mzima, Mama."

Kila neno lilikuwa kweli. Hata hivyo nilisikia haya kuliko siku zote nilizosema uongo bila kujua.

Jumatano, 19 Machi

Mizizi.

Ya shule kwanza. Mwalimu aliruhusu tung'oe mmoja ulioanza kukauka. Kasuku alikunja mikono ya shati, akajipanga kama mtu anayevuta kamba — akauvuta, ukatoka kwa mkono mmoja, naye akakaa chini kwenye tope. Mzizi mwembamba, mwepesi, na vijizizi vichache. Kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo, akisubiri kuitwa tu.

Jioni, wa nyumbani. Mjomba aliniletea koleo lakini akasimama mbali. Nilichimba pembeni, taratibu, kwa kuogopa. Sikuwa na haja ya kuogopa! Kule chini ni kuni nene, imejisokota, imejigawa, imeshika hadi chini ya kizingiti. Niliona chipukizi lenye mizizi yake, nikalikata. Kichaka hakikutikisika hata jani.

Nimeandika kwenye daftari la shule: "Spishi ya kwanza huweka nguvu zake kwenye mbegu. Spishi ya pili huziweka kwenye mzizi."

Hapa naongeza: sasa siichukii. Nilidhani nitaichukia. Haikuomba kupewa jina la mwenzake. Ilichomekwa shimoni na mtu mwenye hasira, ikaambiwa ngoja, ikangoja.

Asubuhi nitaisalimia. Kwa jina lake.

Ijumaa, 21 Machi

Tumewasilisha. Ubao wetu ulikuwa mzuri, ingawa Kasuku alipaka gundi hadi kwenye tai yake. Wale wa vyura, vyura wao walitoroka.

Mwalimu aliuliza swali ambalo hatukulitayarisha: "Kati ya hizi mbili, ipi bora?"

Kasuku akarudia, "Ipi bora," akanitazama mimi.

Nikasema hakuna iliyo bora. Moja hufanya yote kwa mwaka mmoja, kwa hiyo ina haraka, inarefuka na kunukia. Nyingine haina haraka. Ubaya hauko kwenye mmea. Ubaya ni mtu kupanda moja na kuingoja kama nyingine.

Darasa zima likanigeukia. Nikaona haya, nikaongeza: "Na nywele za jani."

Mwalimu akausoma tena ubao wetu, kutoka juu hadi chini. Kisha akatupa maksi nzuri sana, na mwisho wa kipindi akaniita, akanipa bahasha ndogo. Mbegu za ile ya mwaka, alizozikung'uta mwenyewe. Akasema mvua zimekaribia, wakati wa kusia ndio huu. Nilihema kwa uangalifu njia nzima. Vumbi la chaki, kama Mama alivyosema.

Jumapili, 23 Machi

Leo Mama hajapiga. Ameandika kwamba mzee amelazwa, yuko naye hospitali, hawezi kuzungumza kwa sauti. Lakini ujumbe anausoma. Kesho asubuhi wanakuja na karatasi.

Bibi amenisukumia simu mezani. "Andika wewe," akasema. "Mimi vidole vyangu vimezoea sindano." Akageuka upande wa cherehani, ambayo imefunikwa kwa kuwa leo ni Jumapili. Mjomba yupo nje, anajaza upepo gurudumu ambalo nimeligusa, limejaa tayari.

Nimefikiri tangu asubuhi. Nimechimba shimo jipya upande wa pili wa mlango, nikalainisha udongo kwa vidole.

Kama Mama alijua kwamba ni ya mwaka mmoja, basi alikusudia kurudi kabla haijakauka. Hilo ni zuri na linauma. Kama hakujua, basi lilikuwa neno la kumnyamazisha mtoto, na aliniachia mbegu ya kwanza aliyopewa. Hilo linauma, lakini hata hilo lina uzuri wake: hakujua itakufa. Nimeligeuza huku na huku kama jani chini ya lenzi. Na mwisho nimeona kwamba ni swali la zamani. Jibu lake, liwe lolote, halitambadilishia Mama kalamu kesho asubuhi.

Kwa hiyo sikuliuliza. Nimeandika hivi, Bibi amenisikiliza nikisoma mara moja, hakusahihisha hata neno, na nimetuma:

"Shikamoo Mama. Mpe pole mzee. Pakanga uliyoipanda ilikuwa ya mwaka, na ilikufa mwaka ule ule nikiwa na surua. Iliyoko mlangoni ni ndugu yake, ya kudumu. Mjomba aliileta kwa makosa na Bibi akanificha ili nisilie. Usiwagombeze, mimi nimeshawasamehe na tumecheka. Sasa Mwalimu amenipa mbegu za ile yako. Na pia ninalo chipukizi la hii ya kudumu, lina mizizi, liko ndani ya kopo la maji. Ya mwaka ikisiwa leo itachanua na kukauka kabla mwaka haujaisha, na wa kuiona lazima awepo. Ya kudumu itangoja miaka yoyote utakayosema. Shimo ni moja, nimeshalichimba, na mawingu yameshakuja. Tafadhali nijibu leo, kabla hawajakuletea kalamu: nipande ipi?"